Bibi Mlenga Shabaha na Jina Lake

Shikeni karatasi zenu, mfuate maneno kwa kidole kadiri ninavyosoma.

Habari ya leo ni ya mwanamke wa Marekani aliyejulikana duniani kwa kupiga bunduki mbele ya watazamaji, kama huku kwetu mwimbaji wa taarabu anavyojulikana kwa sauti yake. Uwanjani alijiita Annie Oakley. Wazazi wake walimwita Phoebe Ann. Sisi tumwite Bibi Annie.

Alizaliwa mwaka 1860 katika wilaya ya Darke, jimbo la Ohio. Baba yake alikufa mwaka 1866, akamwachia mkewe watoto wengi na umaskini. Mama hakuweza kuwalisha wote. Annie alipokuwa na umri wa miaka kama kumi alipelekwa katika nyumba ya kutunzia maskini, na huko akajifunza kushona. Kisha familia moja ikamchukua kufanya kazi za nyumbani. Waliahidi kumlipa senti 50 kwa juma na kumpeleka shule. Hakulipwa, hakusomeshwa, na tena alipigwa. Siku moja alitoroka. Maisha yake yote aliwaita watu hao "mbwa mwitu," wala hakulitaja jina lao hata mara moja. Likumbukeni jambo hili, kwa maana tutalirudia neno "jina."

Aliporudi kwao alishika bunduki ya marehemu baba yake. Ninyi wenye mashamba Muheza mwajua bunduki ilivyo na faida nguruwe wanapovamia mahindi. Yeye aliifanya kazi ya kulipwa. Aliwinda kware na sungura, akawauzia wenye duka mjini Greenville, nao wakawapeleka kwenye mahoteli. Kwa fedha hizo alilipa deni la dola 200 lililokuwa juu ya shamba la mama yake. Hapo umri wake ulikuwa kama miaka 15.

Basi akaja Bwana Frank Butler, mpiga shabaha wa maonyesho, mtu wa kujisifu kidogo. Alitoa changamoto: nani wa hapa atanishinda? Wakamletea msichana. Frank alipiga shabaha 24 kati ya 25. Annie akapiga zote 25. Wanaume wengine wangekasirika, Frank alimposa. Walipooana, walifanya maonyesho pamoja, na baadaye Frank, alipoona watu wanamtaka mkewe, aliweka bunduki yake chini akawa msimamizi wa kazi za Bibi Annie. Kwa maoni yangu, huo ni uungwana mkubwa kuliko shabaha.

Mwaka 1885 waliingia katika kundi la William Cody, aliyejulikana kama Buffalo Bill. Kundi hilo lilionyesha farasi, vita vya uongo na wenyeji wa asili wa Marekani wakivamia magari ya walowezi. Niseme wazi: mambo yalionyeshwa kwa kugeuzwa, maana walionyang'anywa ardhi ni wenyeji wale. Hata hivyo, mkuu mmoja wa wenyeji hao, Sitting Bull, alimpenda Bibi Annie kama mwanawe, akampa jina katika lugha yake lenye maana ya "mdogo asiyekosa shabaha." Mwanamke mwenyewe alikuwa mfupi, kama futi tano tu.

Alifanya nini uwanjani? Alipasua karata iliyosimamishwa kwa ubavu. Alipiga shabaha iliyokuwa nyuma yake kwa kutazama kwenye kioo. Mwaka 1884 ilirushwa mipira 1,000 ya kioo hewani, naye akavunja 943. Mwaka 1887 alikwenda London, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya kutawala. Husimuliwa pia kwamba huko Ujerumani alimpiga sigara Mwanamfalme Wilhelm bila kumgusa mwenyewe. Huyo ndiye Kaiser Wilhelm wa zama za Wadachi hapa kwetu, ambaye askari wake walipigana na Waingereza hapa Tanga mwezi Novemba 1914.

Mwaka 1901 treni iliyowachukua iligongana na nyingine. Bibi Annie aliumia mgongo akaliacha kundi la Cody.

Sasa tufike mwezi Agosti 1903. Magazeti ya tajiri William Randolph Hearst huko Chicago yaliandika kwamba Annie Oakley amefungwa kwa kuiba suruali ya mtu, apate fedha ya kununua dawa ya kulevya. Magazeti mengine mengi yakanakili bila kuuliza. Kumbe aliyekamatwa alikuwa mwanamke mwingine aliyejipa jina hilo! Bibi Annie hakuwako Chicago kabisa.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno "kashfa." Kashfa ni neno baya linalosemwa au kuandikwa juu ya mtu ili aaibike. Kashfa ya mdomo huishia barazani, pengine ifike sokoni Ngamiani. Kashfa ya gazeti husomwa na maelfu ya watu wasiomjua mwenyewe, na karatasi haisahau.

Mengi ya magazeti yaliomba radhi. Yeye hakutosheka. Alifungua kesi 55, akasafiri mji hata mji kwa muda wa miaka kama sita, akisimama mbele ya mahakimu na kuulizwa maswali ya kumdhalilisha. Tajiri Hearst alimtuma mpelelezi Ohio akatafute aibu yoyote ya zamani katika maisha yake. Mpelelezi alirudi mikono mitupu.

Fidia alizolipwa nyingi zilimezwa na nauli na mawakili, na siku alizokuwa mahakamani hakupata mshahara wa uwanjani. Rafiki angeweza kumwambia, "Bibi, acha, unajipa hasara." Lakini mtu aliyelelewa katika nyumba ya maskini, asiye na elimu ya kutosha wala ukoo wa kifahari, alikuwa na mali gani nyingine zaidi ya jina lile?

Kesi ya mwisho iliisha mwaka 1910. Kati ya kesi 55, alishinda 54.

Alifariki Greenville tarehe 3 Novemba 1926. Bwana Frank alimfuata siku 18 baadaye.