Kiingereza, Mtihani na Wanafunzi wa Mlimani

Mtoto wa Kibosho, Machame au Rombo kwa kawaida hupitia lugha tatu kabla ya kufika chuo kikuu. Nyumbani husikia Kichaga cha kwao. Katika skuli nyingi za msingi husomeshwa kwa Kiswahili. Na tangu kidato cha kwanza husomeshwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Ni katika lugha hiyo ya tatu ndimo huamuliwa kama anastahiki elimu ya juu.

Mpango huu una historia ndefu. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walijifunza Kichaga na kukitumia katika mafundisho. Utawala wa Kijerumani ulikieneza Kiswahili katika skuli zake za serikali. Walipokuja Waingereza, Kiingereza kikawa ndicho mlango wa sekondari na wa Makerere. Vijana wa Old Moshi wakaandika mitihani ya Cambridge, na karatasi zao zikasahihishwa ng'ambo, na watu ambao hawakupata kuiona migomba ya mlimani. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika Decolonising the Mind, kitabu cha mwaka 1986, kwamba katika Kenya ya ukoloni aliyeanguka Kiingereza alihesabiwa ameanguka mtihani wote, hata akiwa hodari wa masomo mengine.

Baada ya uhuru, watahini walibadilika. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, ikaunda Baraza lake la Taifa mwaka 1973. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka mwanafunzi asipimwe kwa mtihani wa mwisho peke yake, bali kazi zake za kila siku na mwenendo wake navyo vitiwe katika hesabu. Lugha ya kupimia, hata hivyo, ilibaki ile ile.

Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha stadi za mawasiliano, kwani wanafunzi waliokwisha kufaulu walihitaji tena kufunzwa kusoma vitabu na kuandika hoja. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike sekondari, na pendekezo hilo likaachwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd wakatoa ripoti yao: kati ya wanafunzi wa chuo kikuu waliowapima, chini ya asilimia 20 ndio walioweza kusoma kwa wepesi hata vitabu rahisi vya masomo yao. Pamoja na hayo, ripoti hiyo hiyo ilishauri Kiingereza kiendelee.

Wapenzi wa ushairi watalielewa tatizo. Katika malumbano, mshairi hupimwa kwa vina na mizani anavyovijua mtunzi, mjibuji na msikilizaji. Akipungukiwa mizani moja, hadhira hutambua mara moja ni nini kilichopungua. Sivyo ilivyo kwa mtahiniwa wa Moshi. Pengine ameona kwa macho yake mvua ikikokota udongo wa shamba la kahawa la babu yake. Lakini akiulizwa kwa Kiingereza habari za mmomonyoko, huandika sentensi alizozikariri daftarini, au huacha nafasi tupu. Msahihishaji hana njia ya kujua kama kilichokosekana ni elimu au ni neno.

Si kwamba Kiingereza hakifai. Chuo cha wanyamapori cha Mweka, kilichofunguliwa mlimani mwaka 1963, kimekusanya wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika, nao wanahitaji lugha ya kukutania. Lakini lugha ikiwa ni somo, na ipimwe kama somo: kusoma, kufupisha, kujenga hoja. Mtaala wa mwaka 2023 umeleta somo la mawasiliano ya kitaaluma kwa kidato cha tano na cha sita, na hiyo ni hatua ya kuelekea huko. Ila maadamu Jiografia na Baiolojia zinaendelea kupimwa kwa mizani hiyo hiyo ya Kiingereza, wapo wenye elimu watakaorudi nyumbani wakiitwa wajinga.