Mfahamu Abdus Salam: Alishinda Nobel, kwao wakamkataa

Ukiuliza watu majina ya wanafizikia, wengi watakutajia Einstein au Stephen Hawking. Abdus Salam hatajwi sana, lakini ndiye Mpakistani wa kwanza kushinda Tuzo ya Nobel.

Alianzia wapi?

Alizaliwa Januari 29, 1926 na kukulia Jhang, Punjab, wakati India bado ikitawaliwa na Mwingereza. Akiwa na miaka 14 tu alivunja rekodi ya alama katika mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Punjab. Aliporudi Jhang na baiskeli yake, mji mzima ulitoka kumpokea.

Mwaka 1946 alipata ufadhili wa kwenda kusoma Cambridge, Uingereza. Mwaka 1951 alirudi Pakistan kufundisha Lahore, lakini huko alikuwa peke yake, hana wenzake wa kujadiliana nao utafiti. Ikabidi achague: nchi yake au fizikia. Mwaka 1954 akarudi Uingereza, na 1957 akawa profesa Imperial College, London.

Aligundua nini?

Wanafizikia wanahesabu nguvu nne za asili. Moja ni ya sumaku-umeme, inayoendesha mwanga, umeme na hata simu uliyoshika. Nyingine ni nguvu dhaifu, inayofanya kazi ndani ya kiini cha atomu. Bila hiyo, jua lisingewaka.

Ukizitazama, hazifanani kabisa. Salam, na Steven Weinberg wa Marekani kwa upande wake, walionyesha kwa hesabu kwamba kumbe ni nguvu moja yenye sura mbili. Wawili hao na Sheldon Glashow, aliyefungua njia mapema, walipewa Nobel ya mwaka 1979. Salam alikwenda kuipokea akiwa na kilemba na mavazi ya kwao.

Hesabu hizo zilidai kuwa zipo chembe, W na Z, ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Mwaka 1983 maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ikazipata.

Kwa nini alikataliwa?

Salam alikuwa wa jumuiya ya Ahmadiyya. Mwaka 1974 Bunge la Pakistan lilibadili katiba na kutamka kwamba Waahmadiyya si Waislamu. Salam, aliyekuwa mshauri wa serikali wa sayansi tangu 1961, alijiuzulu. Hata hivyo, hakuacha uraia wake.

Alifariki Oxford Novemba 21, 1996, akazikwa Rabwah, Pakistan. Kaburi lake liliandikwa kuwa ni la Mwislamu wa kwanza kushinda Nobel. Baadaye mamlaka zikaagiza neno "Mwislamu" lifutwe, na likafutwa.

Aliacha nini?

Mwaka 1964 alianzisha kituo cha fizikia cha ICTP mjini Trieste, Italia. Wanasayansi wa nchi maskini wanakwenda huko kwa wiki au miezi, wanafanya utafiti, kisha wanarudi kufundisha kwao. Yaani wasilazimike kuchagua kama alivyochagua yeye. Fedha zake zote za Nobel alizitoa kuwasaidia wanafizikia wa nchi hizo.

Leo kituo hicho kinaitwa kwa jina lake. Tangu 2018 kina taasisi mshirika Kigali, Rwanda, ambako vijana wa Afrika Mashariki wanasomea shahada ya uzamili ya fizikia bila kuvuka bahari.