Picha Zilizokwenda Mbali na Jiwe Lililobaki Mbozi

Kundi la vijana wa Tunduma likitaka kutazama picha za wasanii wa zama hizi, mara nyingi hulazimika kufunga safari ya kwenda Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Umbali huo una historia yake.

Mwaka 1938 Bibi Margaret Trowell, mwalimu wa sanaa huko Makerere, alionyesha kazi za wanafunzi wake pale Namirembe, Kampala. Hazikukawia kuvuka bahari: mwaka uliofuata zilionyeshwa London. Sam Ntiro, mwana wa Machame aliyefundishwa na bibi huyo, alichora mwaka 1956 wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ikaingia katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Ni heshima kubwa, sikatai; lakini wabeba mbege wenyewe, ambao desturi yao ndiyo iliyochorwa, wangeiona wapi?

Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alilijibu swali hilo kwa vitendo. Katika miaka ya 1960 alianzisha jumba la sanaa la Kibo huko huko kwao, chini ya Mlima Kilimanjaro, ili mkulima atokaye shambani aweze kuingia na kutazama.

Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, hauna Njau wake, lakini una Kimondo cha Mbozi. Pande hilo la chuma, lenye urefu wa mita 3 hivi, wenyeji walilijua tangu zamani, kabla mpima ardhi W. H. Nott hajawajulisha wageni habari zake mwaka 1930. Halikuhamishwa. Udongo ulichimbwa pande zote, ikabakizwa nguzo chini yake, nayo ikaimarishwa kwa saruji. Sayansi ilikata kipande kidogo kwenye ncha (alama yake yaonekana hata leo), ikaliacha lililobaki mahali pake. Wanafunzi wafikapo kwa makundi hulizunguka, hulipapasa, wakabishana. Kimondo si kazi ya mkono wa mtu, lakini watazamaji hawa wamekwisha kujua kutazama.

Basi kinachokosekana ni picha. Ukumbi wa shule mjini Tunduma watosha kutundika picha ishirini, na reli ya TAZARA, iliyojengwa ili ichukue shaba ya Zambia, yapita papo hapo.