Kenya: Kwa nini vipimo vya magari ya turbo jijini Nairobi huweza kupotosha

Gari la turbo lililopimwa Mombasa na kuonyesha nguvu za farasi 300 laweza kupandishwa hadi Nairobi, likapimwa tena na kuandikiwa takriban 343, ilhali nguvu zake halisi zimepungua. Mashine huenda ni nzima na fundi ni mwaminifu. Tofauti hiyo hutokana na mwinuko wa jiji hilo, pamoja na hesabu ambayo mashine hufanya ili kuufidia.

Mashine inayozungumziwa ni dainamomita, ambayo mafundi wengi huiita daino. Gari hupandishwa juu ya rola zake, magurudumu huzungushwa kwa kasi, na kompyuta hukokotoa nguvu zinazofika kwenye rola. Kwa wamiliki wanaolipa gereji ziyaongezee magari yao nguvu, karatasi inayotolewa hapo ndiyo ushahidi wa kazi. Mara nyingi ndiyo pia inayoamua bei ya gari linapouzwa.

Hewa nyepesi ya nyanda za juu

Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari. Mombasa shinikizo la hewa hukaribia baa 1.01, lakini Nairobi hushuka hadi takriban baa 0.82. Hewa inapokuwa nyepesi, kila lita yake huwa na oksijeni kidogo, na injini huchoma petroli kwa kadiri ya oksijeni inayopata.

Injini isiyo na turbo huvuta hewa kama ilivyo, kwa hiyo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Iliyotoa farasi 150 pwani huweza kutoa takriban 118 tu Nairobi.

Ili vipimo vya mahali mbalimbali viweze kulinganishwa, wahandisi waliweka kanuni za marekebisho. Mojawapo, iitwayo SAE J1349, ni ya chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Hiyo huuliza: injini hii ingetoa nguvu kiasi gani katika nyuzijoto 25 na shinikizo la hewa kavu la baa 0.99? Kwa hali ya kawaida ya Nairobi, jibu ni kuongeza takriban asilimia 27. Farasi 118 hurejea kuwa 150, na hesabu huwa imetenda haki.

Hesabu iliyokusudiwa injini nyingine

Turbo haifuati mkondo huo. Ni feni inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukuma hewa ndani kwa nguvu. Tangu awali ilihusishwa na dawa ya mwinuko: mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa kampuni ya General Electric aliipandisha injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak, Marekani, wenye takriban mita 4,300, akaonyesha kuwa turbo huirejeshea injini nguvu inazopoteza kileleni.

Tuchukue gari la farasi 300 ambalo turbo yake huongeza baa 1 juu ya shinikizo la hewa ya nje. Pwani injini hupokea takriban baa 2.01, na Nairobi baa 1.82. Upungufu huo ni karibu asilimia 10, hivyo gari hutoa takriban farasi 270. Mashine ikiongeza asilimia 27, karatasi husoma 343.

Magari mengi ya kisasa yana kompyuta inayolenga shinikizo kamili ndani ya injini, hata hewa ya nje ikipungua. Gari la namna hiyo laweza kubaki na farasi 290 Nairobi, na karatasi ikaandika 368. Kadiri turbo inavyoushinda mwinuko, ndivyo hesabu inavyolizawadia gari kwa hasara ambayo halikuipata.

Kanuni nyingine ya kimataifa, ISO 1585, huweka mipaka: marekebisho yakizidi asilimia 7 kwenda juu au chini, joto na shinikizo la wakati wa jaribio lazima vibainishwe katika ripoti. Kwa mwinuko wa Nairobi, mpaka huo huvukwa kila siku.

Hatari ya kuamini karatasi

Madhara yake hayaishii kwenye majigambo ya vijiweni. Ili kufikia baa 2 ndani ya injini, turbo ya Nairobi hulazimika kuikandamiza hewa takriban mara 2.4, wakati ya Mombasa huikandamiza mara 2. Kwa hiyo huzunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa yenye joto kali zaidi. Anayeiongezea mzigo kwa kufuata tarakimu zilizovimba huifupishia maisha.

Hatari nyingine hujitokeza njiani kuelekea pwani. Gari lililorekebishwa Nairobi hadi ukomo wake, kwa turbo isiyodhibitiwa na kompyuta, hukutana Mombasa na hewa nzito na yenye joto zaidi. Shinikizo ndani ya injini hupanda, petroli huanza kulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni huweza kutoboka.

Maswali ya kumwuliza fundi

Mwenye gari ana haki ya kuomba mambo matatu. Kwanza, nguvu zilizopimwa kabla ya marekebisho yoyote. Pili, jina la kanuni iliyotumika, na asilimia iliyoongezwa. Tatu, joto na shinikizo la hewa wakati wa kipimo, pamoja na shinikizo kamili lililoingia kwenye injini.

Ulinganisho unaoaminika zaidi ni ule wa gari lilelile, kwenye mashine ileile, kwa mpangilio uleule, kabla na baada ya kazi ya fundi. Tofauti ya vipimo hivyo viwili visivyorekebishwa huonyesha kile ambacho mteja amelipia. Ni ushauri unaowafaa pia wamiliki wa Kigali na Kampala, miji iliyo chini ya Nairobi lakini iliyo juu ya mita 1,000, ambako baadhi ya magari hufika yakitokea bandari ya Mombasa.