Mdaiwa na Gereza

Wahenga walisema, "Dawa ya deni ni kulipa." Lakini aliyefungwa gerezani atalipa kwa kazi gani?

Zamani huko Uingereza mdaiwa aliyeshindwa kulipa aliweza kutiwa kifungoni. Mwaka 1824 karani mmoja, John Dickens, alifungwa katika gereza la Marshalsea, London, kwa deni la mwoka mikate lipatalo pauni 40. Mwanawe Charles, mtoto wa miaka 12, alikuwa kiwandani akibandika karatasi juu ya vyupa vya rangi ya viatu. Baba aliachiliwa baada ya miezi mitatu hivi. Mwana akaja kuwa mwandishi mashuhuri, wala hakulisahau gereza lile.

Siku zile sheria ya kufilisika iliwafaa wafanya biashara tu. Mwaka 1861 ilifunguliwa watu wote, na mwaka 1869 kifungo cha deni kikaondolewa karibu chote. Tangu hapo muflisi hutoa mali yake, wadai wakagawiwa kwa kadiri ya madeni yao. Naye huachiwa vyombo vya kazi yake, na hatimaye husamehewa sehemu kubwa ya deni lililosalia. Afichaye mali huadhibiwa.

Basi, msomaji, sheria hii si maficho ya mwenye hila. Ni mkono wa kumwinua aliyeanguka, apate kuwalisha wanawe.