Paka, Mbwa na Watoto katika Nyumba za Unguja

Azijuaye desturi za Mji Mkongwe hatastaajabu kwamba mzee wa nyumba, alipotaka mnyama wa kukaa pamoja na wanawe, tangu zamani alichagua paka wala si mbwa. Kwani aghalabu ya wenyeji hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, aliyefariki Misri mwaka 820, na katika fikihi yake mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo, ilhali paka ni tohara, naye huzunguka jikoni na ukumbini bila ya kumtia mtu najisi.

Hata hivyo mbwa hakunyimwa haki yake. Sheria hiyo hiyo yatoa rukhsa ya kumfuga kwa kuwinda, kuchunga mifugo na kulinda shamba; na kwa rukhsa hiyo wasasi wa maweni, kusini mwa kisiwa, walitoka na mbwa wao kusaka nguruwe walioharibu mihogo, na paa, na hata chui wa Unguja kabla hajatoweka.

Hapo ipo hekima itufaayo hadi leo: mnyama huchaguliwa kwa kazi yake na kwa nafasi iliyopo. Atakaye mbwa penye watoto na awe na ua wa kutosha, amchanje dhidi ya kichaa cha mbwa, na awafunze wanawe wasimsumbue anapokula wala anapolala; asiyeweza hayo, paka amtosha.