Mpangilio wa protini kwa nanomita na mshiko wa seli

Huu ni ufundi wa kupanga protini juu ya uso kwa umbali unaopimwa kwa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita), ili kuamua kama seli itashika au itateleza. Seli haishiki kioo kitupu. Vipokezi vyake, integrini, hushika protini zilizotanda juu yake. Mwaka 2004 kundi la Joachim Spatz, Ujerumani, lilipanga vitone vya dhahabu vilivyobeba kipande cha protini, kila kimoja kikitosha integrini moja. Vilipoachana nanomita 58, seli zilijitandaza. Vilipoachana 73, zilishindwa kushika vizuri. Wapo waliodai kuwa kilichopungua ni wingi wa protini tu. Dai hilo lilijibiwa mwaka 2009: kwa wastani uleule wa umbali, vitone vilivyotawanywa ovyo, vingine vikakaribiana, viliwezesha seli kushika pale ambapo safu zilizonyooka zilishindwa. Kwa hiyo ukaribu wa protini na jirani yake una uzito wake wenyewe.

Jijini Nairobi hoja hiyo ina mguso wa moja kwa moja kwa mfugaji. Theileria parva, kimelea cha ndigana kali kinachoenezwa na kupe, hujibandika kwenye seli nyeupe za ng'ombe kabla ya kuziingia, na kingamwili dhidi ya p67, protini ya uso wake, huweza kukizuia. Chanjo hai iliyotokana na utafiti wa Muguga, magharibi ya jiji, hukinga vyema, ila hudai nitrojeni ya kimiminika na sindano ya antibiotiki. Kipande cha p67 chenye amino asidi 80, kikiwa huru, kilihitaji sindano tatu za mikrogramu 450. Mwaka 2021 watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILRI, yenye makao Uthiru, pamoja na wenzao walieleza walivyokipachika juu ya magamba ya protini ya virusi vya homa ya ini B, ambako nakala zake hukaa karibu karibu kama vitone vile, wakayachanganya na chembe za silika zilizobeba kipande hichohicho. Kinga ikawa ya juu kuliko zote walizopata kwa kipande hicho.

Mpinzani atasema silika haikupanga chochote, na bado ilisaidia. Ni kweli, lakini ilichochea zaidi seli T, aina nyingine ya kinga. Magamba ndiyo yaliyoinua kingamwili, silaha inayozuia kimelea kujibandika. Hata hivyo jaribio halikutenganisha umbali na mambo mengine, hivyo linaunga hoja mkono bila kukata shauri. Pingamizi la gharama ni dhaifu zaidi: vitone vya dhahabu vinahitaji maabara ghali, lakini gamba la virusi, lenye upana wa nanomita 30 hivi, hujipanga lenyewe kutokana na nakala za protini moja, kwa kawaida 240, bila mashine ya kuchapa.